Paka wa Watu Watatu

Sogeeni, nafasi ipo. Mwenye mtoto ampakate, mwenye kikohozi akohoe sasa. Kisa hiki nimekibeba miaka mingi, na kila ninapojaribu kukitua, mtu hunitwisha tena. Mwanzo wake naujua. Katikati yake napajua. Mwisho mtanipa ninyi.

Upande wa Kiziba, kule Bukoba ambako migomba hufika mpaka mlangoni na msitu wa Minziro hauko mbali, aliishi mzee mmoja jina lake Byabato. Watu walimwita Ta Byabato, kwa heshima ya huko, na watoto wake walimwita Tata, yaani baba. Alikuwa na watoto watatu watu wazima, na wote watatu waliishi naye katika nyumba moja ya bati.

Wa kwanza alikuwa Kokushubira, mwanamke aliyerudi kwao baada ya kufiwa na mumewe. Huyu alijaliwa masikio. Angekuwa jikoni anatwanga, akasimamisha mchi na kusema, "Mbuzi ameanza uchungu," nanyi mkienda zizini mnamkuta kweli amelala ubavu.

Wa pili alikuwa Muganyizi, mwanamume asiyeoa. Huyu alijaliwa mikono, na moyo wa kuitumia. Mti ambao wengine waliuzunguka, yeye aliupanda. Shimo ambalo wengine walichungulia, yeye alishuka.

Wa tatu alikuwa Asimwe. Aliwahi kuingia utawani, akatoka kabla ya nadhiri, na hakumwambia mtu sababu. Huyu alijaliwa subira. Kijijini kulikuwa na bibi mmoja kipofu aliyetamani kuandika jina lake kabla hajafa. Asimwe alimshika mkono mwaka mzima, mpaka bibi yule akaliandika.

Kulikuwa na wa nne pia, kitinda mimba wao. Alifariki siku aliyojifungua, akaacha kitoto cha kike, Kemilembe. Baba wa mtoto hakujulikana. Basi Kemilembe akawa mtoto wa wote. Kokushubira alimpikia uji, Muganyizi alimbeba mabegani, Asimwe alimbembeleza mpaka akalala.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mkewe Ta Byabato, Mukabatunzi, alikuwa amefariki miaka tisa kabla ya haya ninayoyasimulia. Lakini sauti yake ilikuwa bado nyumbani. Zamani, wapasua mbao walipoangusha mti mkubwa msituni, Mukabatunzi aliokota kinda la kasuku, lile la kijivu lenye mkia mwekundu, likiwa bado halina manyoya. Akalitafunia ndizi, akalilea. Wakaishi pamoja miaka kumi na minane, mama na ndege, mpaka ndege akachukua sauti yake yote: kikohozi chake, kicheko chake, namna alivyowaita kuku asubuhi. Na kila mchana moshi wa jikoni ulipopungua, kasuku aliita, "Baba Koku! Njoo ule, kinapoa!"

Mukabatunzi akafa. Kasuku akaendelea kuita.

Ta Byabato hakula mchana mpaka aitwe. Chakula kingeweza kuwekwa mezani, kikafunikwa, kikapoa kweli, naye ameketi tu uani ananoa jembe lisilohitaji kunolewa. Kasuku akiita, husimama, hunawa, huingia. Watoto wake walizoea. Hata wageni walizoea.

Kisha ukaja mwaka wa panya. Walitafuna maharage ya mbegu, wakatafuna magunia ya kahawa, wakatafuna hata viatu. Asubuhi moja Kemilembe alikutwa na alama ya meno kisiginoni. Kijiji kizima kililalamika, na hakuna aliyekuwa na paka wa kumwazima mwenzake.

Ilikuwa masika. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya pili mfululizo, na watu wote wa nyumba ile walikuwa wamekaa jikoni wakiota moto.

"Nyamazeni," Kokushubira akasema, mwiko mkononi. "Kuna kitu kinalia."

"Ni mvua kwenye bati," Muganyizi akamjibu.

"Mvua hailii njaa."

Akatupa khanga kichwani akatoka. Alipita shamba la kwao, akapita la jirani, anasimama, anasikiliza, anaendelea. Nyuma ya mibuni ya jirani palikuwa na kisima kilichochimbwa kikakosa maji, kikaachwa bila mfuniko. Sauti ilitoka humo. Kokushubira akalala kifudifudi kwenye matope akachungulia. Chini kabisa, juu ya jiwe, maji ya mvua yakiwa yamelizunguka jiwe lile, alikuwapo paka. Watu kumi walikuwa wamepita njia ile siku hizo mbili. Wote walisikia mvua.

Muganyizi akaitwa. Jirani naye akaja, akachungulia, akatikisa kichwa. "Huyo ni paka mwitu," alisema. "Ndio haohao wanaotumalizia vifaranga. Mwacheni, maji yatamaliza kazi." Na kweli hakuwa paka wa mtu. Alikuwa wa wale ambao bibi zao walitupwa zamani na wenye nyumba, wakazaliana kwenye migomba, wasimjue binadamu ila kwa mawe. Muganyizi alifunga kamba ya katani kwenye mti, akavua viatu, akashuka. Kingo za kisima zilikuwa zinamomonyoka, udongo unamwangukia shingoni. Alipomshika paka, paka alimng'ata kiganjani meno yakatokea upande wa pili. Hakumwachia. Alimtia ndani ya shati, akapanda kwa mkono mmoja na meno. Mkono ulimvimba wiki mbili, akapigwa sindano moja baada ya nyingine kwenye zahanati, na vidole viwili havikukunjika tena mpaka leo.

Akabaki Asimwe. Maana paka alikuwa amevunjika mguu wa nyuma, na alijificha stoo nyuma ya mitungi, anamfokea kila anayesogea. Asimwe alifanya hivi: kila siku alichukua kibakuli cha dagaa na ungo wa maharage, akaketi mlangoni pa stoo, akampa paka mgongo. Akachambua maharage. Akasali rozari yake. Hakumtazama, hakumwita. Wiki ya kwanza paka alikula baada ya yeye kuondoka. Wiki ya tatu alikula yeye akiwapo. Kila wiki Asimwe alisogeza kibakuli kiasi cha shibiri moja tu. Kokushubira alimcheka, akamwambia, "Mdogo wangu, mpaka huyo apone, sisi tutakuwa tumezeeka." Siku ya sitini na mbili paka akatoka nyuma ya mitungi akichechemea, akaweka kichwa juu ya unyayo wa Asimwe, akalala. Asimwe hakuinuka mpaka mguu ukafa ganzi. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye maharage.

Wakamwita Mgeni.

Mgeni aliwamaliza panya. Mguu haukunyooka, lakini hakuhitaji kukimbia mbali, alijua kungoja. Miezi mitatu baadaye mbegu zilikuwa salama, na visigino vya Kemilembe vilikuwa salama. Kila alichokamata alikileta miguuni pa Asimwe, akakilaza, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja asifiwe.

Shida ni kwamba paka hana orodha ya vitu vya kuwinda na visivyo vya kuwinda. Panya walipokwisha, alileta mijusi. Baada ya mijusi akaleta ndege wa shambani, mmoja bado anapapatika. Asimwe alimnyang'anya, akamkemea, akamlisha mpaka tumbo likamkaza. Mgeni alikula, akashiba, akarudi shambani. Alichofuata huko hakikuwa njaa.

Siku moja walimkuta ameketi chini ya tundu la kasuku, ametulia, mkia tu ndio unaocheza.

Ta Byabato akasema, "Mwone huyo. Fanyeni jambo."

Wakafanya. Kokushubira alikumbuka kengele ndogo ya mwanambuzi iliyokuwa juu ya kabati, akaichagua kwa kuitikisa sikioni. Muganyizi alikata mpira wa baiskeli akaushona uwe mkanda. Asimwe akamvika, maana hakuna mwingine ambaye Mgeni angemruhusu amshike shingo. Tangu siku ile, kengele ikilia, kasuku alipanda tunduni na kupiga kelele, na mzee alifunga tundu. Waliishi hivyo mwaka mmoja na zaidi, ndege na paka kwenye ua mmoja, na katikati yao mlio wa kengele.

Halafu ikaja Jumatano moja mchana. Kemilembe alikuwa amelazwa mkekani chumbani. Kokushubira, akiwa jikoni, alisikia kengele ikilia kwa fujo, haikomi, kisha ikanyamaza ghafla. Akapiga yowe. Wote wakakimbilia chumbani.

Nyoka alikuwa amelala kando ya mkeka, swila mweusi, mrefu kama mpini wa jembe na nusu, kichwa kimetafunwa. Mgeni alisimama juu yake, manyoya yamesimama, jicho moja limefumba kwa mate ya nyoka. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umekatika, kengele iko uvunguni mwa kitanda. Kemilembe alikuwa ameamka, ameketi, kidole mdomoni, anatazama.

Mgeni akamburuta nyoka mpaka miguuni pa Asimwe. Akarudi nyuma hatua mbili.

Ta Byabato alimchukua mjukuu wake, akamnusa kichwani, akaanza kulia kama watu wasivyowahi kumwona akilia, hata kwenye misiba yake miwili. Alipopata sauti alisema, "Mimi ni maskini. Shamba ni lenu nyote, nyumba ni yenu nyote. Lakini ninacho kitu kimoja kisichogawanyika. Yule kasuku ana miaka mingi mbele yake, na mimi sina. Aliyeipa nyumba hii paka huyu, huyo ndiye nitakayemwachia sauti ya mama yenu. Nitatamka Jumapili baada ya misa. Niambieni ni nani."

Angewapa ng'ombe wasingegombana. Lakini kila mmoja wao alimlilia mama yule kwa siri yake. Basi wakagombana.

"Ni mimi," Kokushubira alisema. "Watu kumi walipita pale kisimani. Bila masikio yangu huyo angekuwa mifupa, na mngekuwa mmekwisha kumzika Kemilembe."

"Kusikia ni kusikia tu," Muganyizi akamjibu. "Dada, ungesikia mpaka kesho, paka angezama huku unamsikia. Ni mimi." Akaonyesha vidole vyake viwili vilivyonyooka. "Hivi havikulemazwa na masikio."

Asimwe alisema kwa upole, lakini alisema. "Mlimleta mnyama anayetaka kurudi porini. Mguu ungepona, angekwenda zake. Aliyemfanya alale chumba kimoja na mtoto ni mimi."

Alhamisi, mzee aliwaambia, "Mrudishieni paka kengele yake." Alisema mara moja. Hakuwa mtu wa kuagiza mara mbili.

"Mwenye paka atamfunga," Kokushubira akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Muganyizi alikuwa amekwisha kata kipande kipya cha mpira. Alikuwa nacho mfukoni. Lakini akafikiri, nikimshonea mkanda halafu Asimwe akamvika, Tata ataona kwamba paka ni wa Asimwe. Akakiacha mfukoni.

Asimwe aliiokota kengele uvunguni, akaifuta, akaiweka dirishani. Akafikiri, waniombe. Hawawezi bila mimi, basi waniombe.

Ijumaa ikapita hivyo.

Jumamosi asubuhi Ta Byabato alifungua tundu kama alivyofungua kila siku. Kasuku alishuka, akatembea kwenye majani ya uani akidonoa karanga alizorushiwa. Mzee alikuwa ameegemea ukuta, jua linampiga miguuni, amefumba macho. Hakusikia kengele, akadhani paka yuko mbali. Alisikia sauti ya mkewe ikiwaita kuku, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ilikatika katikati.

Alifumbua macho. Uani palikuwa na manyoya ya kijivu na moja jekundu.

Mgeni alipita ukumbini akichechemea, kichwa juu, akamfuata Asimwe aliyekuwa anamwosha Kemilembe. Akamlaza kasuku miguuni pake. Akarudi nyuma hatua mbili, akangoja.

Asimwe alimfunika mtoto macho.

Muganyizi alichimba kaburi dogo kando ya kaburi la mama yao, na hakuna aliyesema kwamba ni ujinga. Mchana ulipofika, moshi ukapungua jikoni, chakula kikafunikwa. Watu wote watatu walikaa, kila mmoja anasikiliza bila kutaka kusikiliza. Mwishowe Kokushubira alikwenda uani akasema, "Tata, chakula tayari."

Mzee alimtazama kana kwamba amemsemesha kwa lugha ya kigeni. "Asante, mwanangu," alisema. Hakuinuka. Hakula siku ile. Alikunywa maji tu, tena kwa kuombwa na Asimwe kwa muda mrefu.

Jioni ile watoto walianza upya ugomvi wao, lakini sasa waliugeuza ndani nje, kama nguo.

"Nilikwambia utoke ukatafute paka mwitu?" Muganyizi akamwuliza Kokushubira. "Nilisema ni mvua. Ungekubali ni mvua, mama angekuwa anaongea mpaka leo."

"Mimi nilisikia tu," Kokushubira akajibu. "Kusikia si dhambi. Wewe ndiye uliyeshuka. Jirani alikukataza mbele yangu."

"Nilimtoa shimoni, sikumleta chumbani. Angerudi porini kwake. Huyu hapa ndiye aliyekaa miezi miwili anamfundisha kwamba hapa ni kwao."

Asimwe alilia. "Sikumfundisha kuua. Hilo alizaliwa nalo. Kengele ndiyo ilikuwa inamzuia, na wewe mpira ulikuwa nao. Niliuona unachomoza mfukoni mwako."

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Ta Byabato alikuwa amesimama hapo, ameshika kizingiti.

"Alhamisi," alisema, "nyumba hii ilikuwa na wenye paka watatu. Leo haina hata mmoja."

Jumapili hawakwenda misani. Asubuhi Muganyizi alileta gunia tupu, akalikung'uta uani, akamtafuta Mgeni kwa macho. Mgeni alikuwa juani anajilamba, akamwona, akamjia, maana alikwisha kuzoea watu. Akajisugua kwenye miguu yake.

"Weka gunia chini," baba yake akamwambia. "Mkono uliomtoa kisimani hautamrudisha kifoni mbele yangu. Mnyama yule aliona kitu kinatambaa, akakiua, tukamshukuru. Akaona kitu kinatembea, akakiua, tukamlaani. Yeye hajui tulipobadilika. Na mimi ndiye niliyefungua tundu, mlijue hilo. Nalijua kabla hamjalisema. Siwezi kumwua aliyeniachia Kemilembe."

"Basi tumpe mtu, Tata," Kokushubira alisema.

Walijaribu. Jirani alikataa, alikuwa na vifaranga. Nyumba ya pili ilikataa, ya tatu ikakataa. Habari ya kasuku ilikuwa imefika kabla yao. Wakafikiria msitu. Lakini paka mwenye mguu mmoja mbovu, anayemfuata kila binadamu amwonaye, angeishi siku ngapi mbele ya mbwa na mawe ya watu?

Waliporudi, mzee alikuwa ameketi palepale penye majani, na sauti yake ilikuwa imechoka.

"Sitamwua, lakini siwezi kuishi naye. Kila akipita namwona na manyoya mdomoni. Mmoja wenu amchukue, aende naye mbali, akaanze kwake. Na huyo atakayekwenda, huyo asirudi hapa wakati paka yu hai. Nikimwona nitajua ametoka kumlisha. Najua ninasema neno baya. Moyo wangu ni wa mzee, hauna nafasi tena. Paka huishi miaka kumi na tano. Mimi nina themanini na miwili. Basi mnaelewa ninachomwomba huyo mmoja. Jueni hilo, kisha mwamue kabla jua halijazama. Mimi sitachagua. Nimekwisha kuchagua vibaya mara moja, nilipowapa kitu cha kugombania."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Watatu wakabaki uani. Kisha Kokushubira akaenda akapiga magoti, akamgusa Mgeni kichwani kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Nitakwenda mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeleta habari yake. Lakini nani atampikia Tata? Sasa hali kabisa, na mkono wangu ndio pekee uliobaki unaofanana na wa mama jikoni."

"Utakaa, dada. Nitakwenda mimi," Muganyizi akasema. "Nilikuwa na mpira mfukoni siku mbili. Jambo hilo sitalisahau. Ila shamba hili, nyie wawili mtaliwezaje? Migomba ikianguka mtakula nini, na Kemilembe atakula nini?"

Asimwe alikuwa amempakata mtoto. "Mgeni ni mimi anayenijua," alisema. "Akiwa na mmoja wenu atatoroka atarudi hapa, Tata amwone. Mwenye kwenda ni mimi, hilo hata yeye paka analijua." Akamtazama Kemilembe aliyekuwa anacheza na kifungo cha gauni lake. "Lakini mama wa kwanza alimwondokea siku aliyozaliwa. Mnataka na wa pili amwondokee?"

Hivyo walisema, na kila mmoja alisema kweli. Hawakuwa wanasukumiana tena. Nadhani hiyo ndiyo saa waliyopendana kuliko saa zote za maisha yao, na ndiyo saa waliyotakiwa kuachana.

Basi ndugu zangu, jua liko juu ya migomba, limebakiza kiasi cha mkono. Mlango wa mzee umefungwa. Paka ameketi katikati yao anaosha uso. Msiniambie waende wote watatu, maana nani atamchotea mzee maji? Msiniambie paka auawe, mzee amekataa, na Kemilembe yuko hapo anapumua. Na msiniambie kosa ni la mzee. Mwenyewe amelikubali, lakini hilo halimwinui paka pale chini.

Yuko aliyesikia ambapo wote hawakusikia. Yuko aliyeshuka ambapo wote walichungulia. Yuko aliyekaa siku sitini na mbili akimpa mgongo kiumbe anayemwogopa. Ondoa mmoja tu kati yao, nyumba ile ingekuwa na kasuku na isingekuwa na mtoto. Na kengele moja, wote watatu waliiacha bila kufungwa.

Mmoja wao lazima ainame sasa, amnyanyue Mgeni, apite kwenye njia ya migomba bila kugeuka, akijua baba yake pengine hatamwona tena.

Nimemaliza, sina lingine. Wewe uliyeketi hapo, na wewe uliyesimama mlangoni, ungekuwa uani siku ile wakakugeukia wote watatu, ungemwambia nani ainame?